Picha Niliyoifuta Mbele ya Aaliyah

Tuwan, Kitale
14 Mei 2005

Mwalimu Nelima,

Kadi imefika salama. Nimeichomeka kwenye kamera na nimekucheka mpaka wateja wangu wa cherehani wakaniuliza kama nimepokea barua ya mchumba. Mbona wanafunzi wako hawana miguu? Darasa zima umelikata magotini, halafu juu ya vichwa vyao umeacha mbingu yote ya Kibabii. Shusha kamera, mama! Mbingu haijakuomba picha.

Ile ya ng'ombe wa jirani akinywa maji nimeipenda kweli. Hiyo usiiguse.

Sasa somo. Uliniuliza kwa nini mzee wa kanisa mwenye shati jeupe ametoka uso mweusi tititi. Ni kwa sababu kamera ni mjinga. Ikiona nyeupe nyingi inadhani jua ni kali kupita kiasi, inafumba jicho, na uso wa mtu mweusi kama sisi unapotea. Ingia kwenye menyu, tafuta alama ya kujumlisha na kutoa, ongeza moja. Shati litang'aa kupita kiasi, liache ling'ae. Sisi tunamtafuta mzee, hatutafuti shati.

Nami nakushukuru kwa lile somo lako la kubana viwiko mbavuni na kutoa pumzi kabla ya kubonyeza. Picha zangu zimeacha kutetemeka.

Nikikumbuka tulivyokutana pale studio ya Kimilili nacheka peke yangu. Kila mmoja na kamera yake mkobani, kila mmoja akijiona ndiye mwanamke pekee kutoka Kitale hadi Bungoma mwenye kitu cha dijitali! Tulifanya vizuri kuchanga tukanunua kadi moja kubwa. Na sheria yetu ni ile ile: kadi ni yetu sote, inakwenda na kurudi kwa posta, na hakuna kufuta hata picha moja kabla mwenzako hajaiona. Zile mbaya ndizo zinazotufundisha.

Msalimie mama yako.

Rafiki yako wa kadi moja,
Leila Hamid


Kibabii, Bungoma
2 Juni 2005

Dada Leila,

Matusi yako yamefika na nimeyastahili. Wanafunzi sasa wana miguu, na wachache wana hata viatu. Utawaona.

Mama hayuko sawa. Kile kifua hakijamwachilia. Juzi asubuhi alikuwa ameketi mlangoni anachana nywele, mwanga umemwangukia upande mmoja vile unavyopenda wewe, nikakimbilia kamera. Akanifukuza na kitana! "Ati unipige kichwa wazi, nani amekufa?" Unawajua mama zetu wa huku. Huyu bila kitambaa kichwani hatoki hata kufukuza kuku.

Jambo lingine, na hili limeninyima usingizi. Kuna agroveti hapa mjini, lile duka la mbegu na dawa za mifugo, inatafuta picha ya kalenda ya mwaka ujao. Wamesema wamechoka na ng'ombe na mahindi, wanataka uso wa mtu wa huku kwetu mwenye furaha ya kweli. Mshindi atapewa kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, na jina lake litaandikwa chini ya picha. Leila, hiyo kalenda hutundikwa kila duka kuanzia hapa hadi kwenu! Nimefundisha miaka yote hii na jina langu halijawahi kuandikwa mahali ila kwenye ubao, na huko ni mimi mwenyewe huliandika na mimi mwenyewe hulifuta.

Nimeweka kwenye kadi nyuso zote nilizopiga. Sema ukweli bana, kuna inayofaa?

Nelima


Tuwan, Kitale
9 Julai 2005

Mwalimu,

Umesema niseme ukweli. Hakuna inayofaa. Usinune. Watu wako wote wanatazama kamera kama wanaapishwa mahakamani. Furaha haiji kwa kumwambia mtu "tabasamu". Mpe kazi ya mikono, mwache aongee na wenzake, umsubiri mpaka asahau kwamba upo. Kuna muda bado, endelea kupiga.

Sasa nikupe habari ya huku, na ndani yake kuna kosa langu, maana nimevunja sheria yetu.

Ndugu yangu Zahid ameoa. Bibi harusi anaitwa Aaliyah, msichana mpole mwenye kicheko kikubwa. Siku ya kumpaka hina wanawake tulijifungia nyumbani kwa mama yake, Bi Fadumo. Siku hiyo kwetu wanaume wote hutolewa nje, mashungi yanawekwa chini, nywele zinaachiliwa, watu wanaimba na kucheza vile hawachezi mbele ya mtu. Kamera haiingii. Wanawake wanaogopa, kwa sababu picha lazima ikaoshwe studio, na anayeosha ni mwanamume, na ataona.

Lakini Aaliyah aliniomba. Alisema, "Wifi, yako si ina kioo nyuma? Tupige, tujione, halafu ufute zote kabla mlango haujafunguliwa." Nikaahidi. Bi Fadumo alinishika mkono akaniambia, "Leila, tumekuamini. Wewe ni mtoto wa hapa."

Nelima, kuna moja niliipiga. Aaliyah yuko kando ya dirisha, nywele zimemwagikia begani na mafuta yake, mikono ameiinua ili hina isichafuke, na anacheka kichwa kikiwa nyuma kabisa. Nilijua pale pale kwamba sijawahi kupiga picha kama hiyo, na labda sitapiga tena. Tulijazana wote juu ya kile kioo kidogo, wakapiga vigelegele. Kisha nikafuta moja baada ya nyingine, Aaliyah akitazama kidole changu. Ile ya dirishani niliiacha ya mwisho. Niliumia, sitakuficha. Usiku wake nililala nikiiona.

Kwa hiyo kadi inakuja kwako bila picha hata moja ya harusi. Zilikuwa mali yao, si zetu. Nisamehe kwa sheria niliyoivunja, na umwambie mama anywe maji ya moto na tangawizi.

Wako,
Leila


Kibabii, Bungoma
20 Agosti 2005

Dada Leila,

Umeniona kimya. Mama alituacha mwisho wa Julai. Tumemzika hapa nyumbani, karibu na migomba yake. Watu walijaa, wakaimba, wakala, wakaondoka, na mimi nimebaki na kikombe chake.

Nataka nikuambie jambo kuhusu kadi. Siku zake za mwisho aliketi tena pale mlangoni kuchana nywele, na safari hii nilipoinua kamera hakunifukuza. Hakuwa na nguvu ya kunifukuza. Aliniambia tu, "Piga, lakini usimwonyeshe mtu kichwa changu." Nikampiga. Kichwa cheupe chote, Leila, na macho yake yamenitazama kama nilipokuwa mdogo.

Baada ya mazishi nikataka kufuta picha mbaya ya gari la maiti. Sikusoma vizuri kilichoandikwa kiooni. Nikabonyeza futa zote. Niliketi sakafuni nikashindwa hata kulia.

Kuna jamaa wa saiba, duka la kompyuta na intaneti, mjini anaitwa Eliakim. Nilimpelekea kadi nikiwa hata sijaoga. Akaniambia, "Madam, tulia bana. Hizi vitu hazipotei hivyo. Ukifuta, kamera inajifanya tu haizioni. Si hujapiga zingine juu yake?" Nikasema sijapiga. Akaichomeka kwenye kompyuta, akafungua programu fulani, tukangoja. Mama akarudi! Nilimwambia Eliakim ageukie ukuta mpaka niifunge, naye akageuka.

Basi somo la leo ni langu: ukifuta kwa bahati mbaya, usipige tena hata moja. Toa kadi, mpelekee anayejua.

Niruhusu nikae nayo kidogo.

Nelima


Tuwan, Kitale
29 Agosti 2005

Nelima mpenzi,

Mungu ampokee mama yako na akupe subira. Barua yako niliisomea kwenye cherehani, nikaacha kushona siku hiyo. Nilifurahi kwamba ulimpata. Kaa na kadi kadiri unavyotaka.

Lakini kuna kitu kimenikosesha raha na lazima nikuulize. Kama ya mama ilirudi, zile za hina je? Zilikuwa kwenye kadi hiyo hiyo. Kama zimetokea niambie tu, sitakukasirikia, kosa litakuwa langu la kutojua. Ila usimwonyeshe mtu, na Eliakim azifute kwake. Mimi nilifuta mbele ya macho yao, Nelima. Walinihesabu kama mtoto wao kwa sababu ya kidole kile. Sijamwambia Aaliyah lolote, bado ni bibi harusi, hina ingali kwenye kucha.

Nijibu upesi.

Leila


Kibabii, Bungoma
10 Septemba 2005

Dada Leila,

Asante kwa kunililia mama.

Hebu acha wasiwasi! Eliakim anasema zinazorudi ni zile za mwisho mwisho tu. Aliyerudi ni mama, gari la maiti na kuku wawili. Za kwenu hazikuwepo. Lala usingizi wako.

Nimerudi darasani na siku hizi najaribu kupiga ndani ya nyumba bila flashi, inanishinda. Ile picha uliyonisimulia ya dirishani, hebu nieleze uliipiga vipi. Pazia lilikuwa wazi au limefungwa? Kamera uliiegemeza wapi? Yeye alikuwa mbali kiasi gani na dirisha? Niandikie kila kitu, hata kidogo, kama unamweleza mtu asiyejua lolote. Nataka kuielewa vizuri.

Nelima


Tuwan, Kitale
24 Septemba 2005

Mwalimu wangu,

Umenitua mzigo, hujui! Nimelala kweli. Hata Zahid ameniuliza kwa nini siku hizi naimba.

Na nimefurahi kuona umeanza tena kuuliza maswali. Basi sikiliza. Pazia jepesi lilikuwa limefungwa nusu, ili jua lisiingie lote kwa pamoja. Flashi nilikuwa nimeizima. Yeye alikuwa mkono mmoja tu kutoka dirishani, bega limegeukia mwanga, upande wa pili wa uso nimeuacha na giza lake. Viwiko niliviegemeza kwenye mgongo wa kiti, pumzi nikatoa kama ulivyonifundisha. Kisha sikumwambia kitu. Nilisubiri asahau kwamba nipo. Mama yake akamtania kuhusu Zahid, akacheka, nikabonyeza.

Ni hivyo tu. Jaribu na mtu wako, uniletee. Natamani mmoja wetu aipate tena picha ya namna ile, na mmoja huyo akiwa wewe nitashangilia kwa sauti.

Wako daima,
Leila


Kibabii, Bungoma
12 Desemba 2005

Dada Leila,

Ni kitambo. Mitihani, kusahihisha, mvua, unajua mambo ya shule.

Nakurudishia kadi. Kaa nayo hata mwaka mzima, sina haraka, nimepata kamera nyingine iliyokuja na kadi yake. Nitakueleza nikitulia. Mama bado yumo humo ndani, picha ni ya kwanza ukifungua. Sikumtoa. Siku hizi nashindwa kumtazama.

Ukisikia jambo lolote kutoka huku, nisikilize mimi kwanza kabla hujamsikiliza mtu mwingine.

Nelima


Tuwan, Kitale
7 Januari 2006

Nelima Wepukhulu,

Jana nilipeleka mahindi posho mili hapa Tuwan. Mwenye mashine, Wamalwa, ametundika kalenda mpya juu ya mizani. Nikainua macho kutafuta tarehe, nikamwona wifi yangu.

Nywele wazi. Mikono juu. Kicheko kile. Unga ulikuwa umeanza kumshika usoni, na wanaume wamepanga foleni chini yake na magunia yao. Mmoja anamwuliza mwenzake, "Huyu msupa ni wa wapi?"

Chini yake kuna jina lako. Na pembeni wameandika siri ya mpiga picha: pazia jepesi limefungwa nusu, bega limegeukia mwanga, nikasubiri asahau kwamba nipo. Maneno yangu! Barua yangu ya Septemba! Uliniuliza kama mwanafunzi, nikakueleza kama dada, kumbe ulikuwa na picha yangu mezani na umekosa tu maneno ya kuwaambia waliokupa zawadi. Hata kuiba ulitaka nikuelekeze namna ya kuiba.

Uliniambia nilale usingizi, nikalala. Miezi yote hiyo nilikuwa naimba.

Nilimwomba Wamalwa aitoe. Akasema, "Mama, nikitoa karenda nitajua aje siku ya soko?" Nikarudi nyumbani, nikapika gundi ya unga, nikakata karatasi ya khaki, nikaenda nikaibandika juu ya uso na nywele zake, tarehe nikaziacha. Nimefanya hivyo kwa kinyozi, kwa bucha, kwa duka la sukari. Kila ninakoingia wananitazama kama nimechanganyikiwa. Na nikifika wameshaona.

Zahid ameshaona. Aliletewa na rafiki yake kazini, imekunjwa kama zawadi. Aaliyah hakunifokea, na afadhali angenifokea. Aliniambia maneno haya tu: "Nilikuona ukifuta. Nilitazama kidole chako." Nimemweleza kwamba kilichofutwa kinaweza kurudishwa. Nani ataamini? Wanawake wote wa nyumba ile wanasema nilikuwa na ujanja wangu, nilijifanya kufuta nikaenda kuuza.

Sikuombi kamera yako mpya wala jina lako litolewe. Nakuomba jambo moja. Njoo Kitale. Simama mbele ya Aaliyah na Bi Fadumo, useme kwa mdomo wako kwamba Leila alifuta, na wewe ndiye uliyefukua. Baada ya hapo rudi zako.

Leila Hamid


Kibabii, Bungoma
16 Januari 2006

Dada Leila,

Nilikuambia unisikilize mimi kwanza.

Sikuzitafuta. Mungu ni shahidi, nilikuwa namtafuta mama, nazo zikatokea pamoja naye. Nyingi zilikuwa zimeharibika, nusu kijivu, lakini hiyo moja ilikuwa nzima. Ungeiona kwenye kioo kikubwa cha kompyuta! Hata Eliakim alisogeza kiti karibu aitazame. Kuifuta picha kama ile ilikuwa kosa, Leila, na wewe mwenyewe uliandika kwamba uliumia. Niliipeleka nikijua haitashinda. Ikashinda. Wakataka maelezo, ningewaambia nini? Na kama ningeweka jina lako si ndiyo wangejua imetoka kwenu? Niliweka langu ili kukukinga.

Halafu huku hakuna anayemjua huyo msichana. Ni mtu mzuri anayecheka, basi. Kuna ubaya gani? Sisi huku mtu akipigwa picha nzuri anashukuru.

Kuja Kitale sitaweza. Shule zimefunguliwa. Mwalimu mkuu ametundika kalenda ofisini na amewaambia wazazi wote. Watu wa agroveti walinifanya niseme mbele ya wageni kwamba ni kazi ya mkono wangu. Nikisema vingine sasa nitaishi wapi? Jaribu kunielewa. Wewe una duka lako na watu wako. Mimi hii ndiyo mara ya kwanza watu wamenipigia makofi.

Nakusihi jambo moja, hata kama umenichukia. Kadi usiiguse. Stima ilirudi kwa nguvu mwezi jana ikachoma kompyuta ya Eliakim na kila kitu kilichokuwemo, na mimi sikuwa nimeiosha picha ya mama popote. Hiyo iliyo kwako ndiyo picha yake pekee. Hasira yako nimalizie mimi, mama hakukukosea. Na tafadhali, dada, usimwonyeshe mtu. Nilimwahidi. Hakupenda kabisa kuonekana kichwa wazi na watu asiowajua.

Nelima


Tuwan, Kitale
4 Februari 2006

Nelima,

Barua yako nilimsomea Aaliyah yote. Nilidhani itanisaidia. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa nini haji mwenyewe?" Bi Fadumo akasema barua hata yeye anaweza kumwambia mtu amwandikie, na kwamba mimi na wewe tumekuwa tukiandikiana mwaka mzima.

Ijumaa iliyopita kulikuwa na kisomo cha wanawake nyumbani kwake. Nilialikwa, hawakunitenga. Lakini mlangoni Bi Fadumo alinyoosha mkono na kuomba mkoba wangu. Aliufungua mbele ya wote, akatoa leso yangu, akatoa futi yangu ya kupimia nguo, akapapasa mpaka chini, kisha akanirudishia akasema, "Pita, mwanangu." Nilipita. Waliokuwa wameketi na nywele wazi walivuta mashungi yao taratibu, kwa adabu, kama anapoingia mwanamume.

Hicho ndicho ulichochukua. Picha haikuwa kitu. Ningepiga nyingine.

Sasa kuhusu mama yako. Barua yako ilipofika niliiweka kadi kwenye kamera, nikamfungua mama kiooni, nikaweka kidole pale pale kilipokuwa siku ya hina. Nilitaka kufuta, halafu nipige ukuta wa jikoni mpaka kadi ijae, ili asirudishwe tena na mtu yeyote. Nilitaka hivyo sana. Nakuambia ili ujue kwamba nilijua njia, wewe ndiye uliyenifundisha.

Kisha akanitazama. Amechoka, ana kitana mkononi, kichwa cheupe chote. Nikakumbuka umeniomba nini, na nikacheka mpaka nikalia. Umeniandikia kwamba mama yako hakupenda kuonekana kichwa wazi na watu asiowajua. Uliandika hayo kwa mkono wako, ukatia sahihi, ukafunga bahasha, na hukusikia ulichosema.

Sikumpeleka studio. Nilizunguka mji huu nikitafuta mashine ndogo ya kuchapa inayomeza kadi moja kwa moja, bila kompyuta, kwa sababu najua sasa kwamba kompyuta hazisahau. Nikaipata kwa mama mmoja wa picha za pasipoti, anaitwa Chelimo. Nilimwomba atoke nje ya kibanda chake. Alishangaa, akatoka. Nikatandaza buibui langu juu ya mashine, nikamchapa mama yako mara moja tu, nikamtoa nikiwa nimemgeuza kifudifudi. Chelimo hakumwona. Hakuna aliyemwona.

Kadi tulichanga wawili, kwa hiyo nimeigawa. Nimeikata katikati kwa makasi yangu ya kitambaa kizito. Nusu yako imo humu ndani ya bahasha. Yangu nimempa Aaliyah, akaitazama kidogo kwenye kiganja chake, akanirudishia.

Usiniandikie tena masomo.

Picha ya mama iko kwenye mfuko mdogo wa kitambaa cheusi. Nimeushona mwenyewe pande zote nne, usije ukafunguka posta. Fumua uzi ukiwa peke yako, na mlango ukiwa umefungwa. Nimemkatia pia kitambaa cha kichwa, cha maua ya buluu, kimo humo humo. Sikujua alikuwa akipenda rangi gani.

Leila Hamid